Shitaka la Uchi Pwani ya Mkadini

Waithaka, Nairobi
Ijumaa, baada ya alasiri

Kwa mke wangu Mwanakombo, mama wa Zuhura wangu,

Salaam alaykum. Mola akuzungushie rehema zake hapo ulipo, na usingizi ukupate angalau kidogo. Mimi mwili ni mzima. Nakula kwa sababu napika, na mpishi lazima aonje. Habari za moyo tuziache. Kile kikohozi chako kimepungua? Mama mkwe amepata dawa yake ya presha, ama bado anakunywa nusu nusu ili isiishe? Na Zuhura, amerudi shule, au bado anajifungia chumbani kwa maneno ya wenzake?

Nimeshika kalamu kwa sababu ile simu ya jirani haitufai. Ukiishika wewe, mwenyewe yuko mlangoni na watoto wake wako miguuni pake, na mimi huku nawasikia wanavyonyamaza ili wasikie. Kila nikikuuliza ilikuwaje unaniambia tutazungumza, kisha unauliza habari za baridi ya Nairobi. Basi barua hii anakuja nayo Bi Maryamu, mke wa yule muuza viungo tunayenunua kwake bizari. Anashuka usiku huu kwa harusi ya mdogo wake, na ameniahidi ataitia mkononi mwako wewe, si mkononi mwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza.

Nitakueleza mambo kama yalivyonifikia mimi, ili mahali waliponidanganya unisahihishe.

Nilijua kwa gazeti, Mwanakombo. Hakuna aliyenipigia. Tulikuwa jikoni kule mjini, nyuma ya hoteli ninayopikia, vijana wanamenya vitunguu juu ya magazeti ya jana, na mmoja akaanza kusoma kwa sauti. Mwanamke wa pwani amekamatwa alfajiri akiwa uchi mbele ya hoteli ya watalii, mahali paitwapo Mkadini. Jina halikuwamo. Wakacheka. Mwingine akasema wanawake wa pwani ni majini, na wa tatu akauliza kama kulikuwa na picha. Mimi nilikuwa nakoroga pilau. Niliendelea kukoroga mpaka likashika chini, na tajiri wangu akaja kuuliza kitu gani kinaungua. Nilikuwa sijui bado kama ni wewe. Nilijua tu kwamba juzi yake ilikuwa siku ya mwaka wetu wa Kiswahili, na kwamba wewe hukosi kushuka baharini kuoga mwaka.

Ndipo nikampigia kaka yako Omari, naye akanieleza kwa shida, kama mtu anayetapika. Kwamba mlishuka kina mama kabla ya jua, kama walivyoshuka bibi zenu, kwa ile njia ambayo sasa imeangukia katikati ya bustani ya hoteli. Kwamba mliingia majini na kanga zenu, mkaoga, mkaimba kidogo. Askari wa hoteli wakaja na tochi, na polisi nyuma yao, kwa sababu meneja alikwisha piga simu. Kwamba wenzako wote walikimbia na wewe ukabaki umesimama ufuoni, huna nguo, wala hukujificha, wala hukusema neno. Wakakurushia shuka la hoteli wakakuchukua.

Omari alikutoa kwa dhamana siku ile ile, na hilo sitalisahau. Lakini aliponiambia shitaka ni kufanya kitendo cha aibu hadharani nikaona giza. Wewe. Wewe uliyewafundisha mabinti wa mtaa mzima namna ya kufunga mtandio usianguke kwenye kusujudu. Kisha nikasikia wazazi wamewatoa watoto wao kwenye chuo chako cha Kurani mmoja mmoja, na wengine hata salamu hawakuleta.

Tangu hapo swali moja halikuniacha. Kwa nini hukukimbia? Nimelala nalo na nimeamka nalo. Nilikuwa nikikata nyama najiuliza, nikiswali najiuliza. Na Mola anisamehe, kuna usiku shetani alinijibu majibu ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Aliyeona kwamba nimeharibika ni Mama Kamau, mwenye nyumba ninayopanga. Ni mama mtu mzima, mkristo wa kanisa la hapa chini, amezaliwa papa hapa Waithaka kabla ya hizi nyumba za kupangisha. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi na beseni la maji limejaa na kumwagika, sikuwa nimefunga bomba. Hakunigombeza. Alifunga bomba, akakaa. Nikamwambia yote. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, pengine kwa sababu hakujui. Akasema binti wa dada yake ni wakili, ana ofisi mjini juu ya duka la viatu, na kesho yake akanipeleka mwenyewe.

Wakili anaitwa Wanjiru. Ni msichana mdogo, nilidhani ni karani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na kalamu mkononi na asiandike. Nikamuuliza lile lililokuwa likinichoma: wale wageni wanaolala pale Mkadini mchana kweupe bila hata uzi, wanaume kwa wanawake, mpaka wavuvi wetu wanapita wameinamisha vichwa, wao wana ruhusa ya nani? Kuna sheria yao na sheria yetu?

"Hakuna," akasema. "Kwa sheria ya Kenya hakuna beach ya watu kukaa uchi. Si ya mzungu, si ya mtu yeyote. Sheria ni hiyo moja tu, ile wamemshtaki nayo mke wako. Tofauti ni nani anapiga simu polisi."

Halafu akanieleza jambo ambalo nimelirudia kichwani mpaka nimelihifadhi. Alisema hao watu wanataka vitu viwili ambavyo havikai pamoja. Wanataka ufuo uwe wa umma, ndipo wewe uwe ulikuwa uchi hadharani. Na wanataka ufuo uwe wao, ndipo wageni wao walale watakavyo bila kuulizwa. Kortini atawataka wachague kimoja. Nilifurahi nikadhani tumeshinda. Akaniona, akaniambia nisifurahi. Hakimu anaweza kusikia hayo yote na bado akauliza: huyu mama alikuwa amevaa nguo ama hakuwa amevaa? Na hapo, akasema, unahitaji jibu. Kwa nini alikuwa hivyo? Alisema bila jibu hakimu anaweza kukufunga.

Nilitoka pale nikashuka ngazi nikasimama barabarani, watu wananipita na kunigonga mabega, sijui naelekea wapi.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nataka ulijue kutoka kwangu. Mwenye ile hoteli anaishi hapa Nairobi, Loresho. Alikuwa mkubwa serikalini zamani, sasa amestaafu. Mmoja wa madereva wanaokula kwetu humpelekea gesi nyumbani, akanionyesha geti. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, askari akanifukuza. Nikarudi tena nikafukuzwa. Safari nyingine nikakaa tu chini ya ukuta, nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa, mpaka mwenyewe akatoka kutembeza mbwa akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni mume wa yule mwanamke wa Mkadini.

Sikutegemea angenikaribisha, lakini alinikaribisha. Alinipa chai ya maziwa kwenye veranda. Si mtu wa makelele. Aliniambia pole kabisa, akasema yeye ana mabinti, na kwamba mambo haya aliyafanya meneja. Akasema wageni wanatoka mbali kuja kupumzika, na wakisikia nyimbo gizani na kuona watu wanatoka majini wanaogopa. Mezani palikuwa na kile kijitabu cha kutangaza hoteli yao, na juu yake mwanamke wa kizungu amelala kifudifudi mchangani, mgongo wote mtupu mpaka chini, na nyuma yake ni mikadi yetu, Mwanakombo, ile mikadi mnayochuma maua yake. Macho yangu yakaenda pale. Yake pia yakaenda. Akakigeuza kile kijitabu taratibu kikatazama chini, akaendelea kuzungumza.

"Mimi naweza kumaliza hii kitu na simu moja," akasema. "Nipe tu neno la mke wako. Kina mama waache kushuka hapo, na hiyo njia ya katikati ya shamba wasahau. Wakitaka kuoga, pwani ni kubwa."

Nikamuuliza kama ni hivyo tu. Akasema ni hivyo tu. Akanipa muda nifikirie, nimpe jibu kabla ya wiki hii kwisha, kwa kuwa kesi ni Jumatano.

Nilitaka kusema ndiyo palepale. Sikusema kwa sababu ulimi ulinikauka tu, si kwa ushujaa. Njia nzima kutoka Loresho nilikuwa napanga nitakavyokuambia. Nilijiambia, ni kuoga tu. Ni siku moja kwa mwaka. Ni mchanga. Mke wangu asilale ndani kwa ajili ya mchanga. Nilikwisha amua, Mwanakombo. Nilikuwa hata nimetafuta maneno ya kukulazimisha, kama mume.

Jioni ile Mama Kamau akaniita nile kwake. Alipika irio, viazi na mahindi ya kupondwa pamoja. Nikamwambia mambo yamekwisha, nimepata njia. Nilidhani atashukuru Mungu, maana kila kitu hushukuru. Akawa anaponda chakula kwenye sahani. Kisha akaniambia kwamba huku chini, mahali penye karakana sasa, kulikuwa na mto wa maji safi, na mahali pake pa juu palikuwa pa wanawake. Wanaume walijua, hawakupita. Mama yake alimwosha pale, na yeye alimwosha dada yake pale.

Nikamuuliza nani aliwafukuza.

"Hakuna mtu alitufunga," akasema. "Kulijengwa nyumba moja, mwenyewe akasema tupite upande ile ingine. Tukapita. Kukajengwa ingine. Tukaona ni aibu kubishana juu ya kuoga. Sasa hata nikiwaonyesha wajukuu, wanaona tu takataka."

Hakuniambia nifanye nini. Aliniongezea chakula. Lakini sahani yangu niliirudisha imejaa.

Na asubuhi yake, juzi hiyo, simu ikalia nikiwa Dagoretti Corner nanunua viazi vya kazini. Alikuwa shangazi yangu Bi Rehema. Unajua shangazi hapigi simu. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na katika miaka yote niliyokaa huku hajawahi kunipigia, anasema simu humvuta pumzi. Alikwenda kwa Omari peke yake na mkongojo wake akamwomba ampigie. Nikajua kuna msiba.

Akalia kwanza. Kisha akasema, mwanangu, mke wako amenikataza nisiseme, lakini siwezi kufa nalo.

Na ndipo akaniambia. Kwamba yeye naye alishuka nanyi kuoga, wimbi likampiga akaanguka, na kanga zake zote mbili zikachukuliwa na maji. Kwamba alikuwa anatambaa mchangani, mzee yule, hana kitu mwilini, na tochi zinakuja, na wengine wanakimbia. Na wewe ulirudi. Ukafungua kanga yako ukamfunga nayo, ukafungua na ile ya kichwani ukamtanda, ukamkabidhi kwa mama mwingine amkokote mpaka kwenye mikadi. Na ukabaki umesimama kati yake na zile tochi, ili wakutazame wewe.

Nilikuwa nimesimama katikati ya magunia ya viazi. Muuzaji akaniuliza kama nimeibiwa.

Shangazi akasema aliposikia una kesi alikuja kwako akakuomba uwaambie polisi ukweli, ukakataa. Ukasema hutamtaja mama mtu mzima mbele ya wanaume na karani anaandika. Akakuuliza basi utasema nini ukiulizwa. Na neno lako akanipa kama ulivyolisema:

"Nitasema mimi sikukaa uchi. Nilimvisha mtu."

Mke wangu, nimekuwa mumeo miaka yote hii na sikuwa nimekujua. Ningekuwa karibu ningekuinamia. Nilijiuliza kwa nini hukukimbia, kumbe ulikuwa umemfunika mama aliyenilea, na mimi nalala kitandani namsikiliza shetani.

Usimkasirikie shangazi. Nisome vizuri hapa: amesema atasimama kortini yeye mwenyewe. Nilimwambia si lazima, akanikatiza. Alisema, mimi nimezaliwa uchi na nitaoshwa uchi, katikati hapo nani ananitisha. Nakuomba umwachie. Ni haki yake. Wakili anasema bila yeye hatuna kitu, na pamoja naye tuna kitu kidogo. Siongezi chumvi, alisema kidogo. Wakili mwenyewe ana kesi nyingine Jumatano hiyo hiyo, hawezi kuja, ila mwenzake wa Mombasa atasimama, na karatasi zote anazitayarisha yeye. Amesema wazi hakimu anaweza bado kuona kwamba uchi ni uchi.

Jana nilirudi Loresho. Safari hii askari alinifungulia. Yule mzee alikuwa amenishika mkono kabla sijasema kitu, akadhani nimeleta neno. Nikamwambia neno nililonalo si lile analolitaka. Nikamwambia pale Mkadini si pangu niweze kupatoa, ni pa kina mama, na hata mke wangu peke yake hawezi kupatoa. Sikusimama kama mwanamume wa hadithi. Nilikuwa nashika ukingo wa kiti.

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Akaniuliza, "Unajua unampeleka mke wako jela?" Nikamwambia najua inaweza kuwa hivyo. Akasema nitajuta. Nikamwambia huenda. Hakutokea mtu wa kunipeleka getini, nikajifungulia mwenyewe.

Na leo hii nimemwomba tajiri ruhusa. Kesho kutwa ana harusi kubwa ya kupikia, na wiki nzima ijayo ana wageni. Akasema nikienda nisirudi, kuna wapishi wengi wa pilau mjini. Sikubishana naye. Nimeacha mwiko wangu umeninginia pale ukutani. Sijui nitafanya nini baada ya Jumatano. Sijui Zuhura tutamwambia nini ikiwa mambo yataharibika. Usiku nikilala naona mlango wa chuma na wewe upande wa pili, na naamka nimeshika shuka kwa meno. Nakuandikia haya kwa sababu sitaki uone herufi zimenyooka ukadhani mwandishi wake ametulia.

Naogopa, Mwanakombo. Sikuogopa hivi hata siku ile Zuhura alipozaliwa na ukapoteza damu. Lakini sitakuomba ukubali kosa. Kama kuna mtu atakayekuomba hivyo, awe ni Omari, awe ni mama mkwe, awe ni imamu, mwambie mumeo amekataa.

Nisalimie mama mkwe na umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie kaka yako Omari, umwambie deni la wema wake liko shingoni mwangu. Mpe salamu jirani mwenye simu, hata kama anasikiliza, maana bila yeye tungekuwa mabubu. Msalimie yule mama aliyemkokota shangazi mpaka kwenye mikadi, ambaye sikuambiwa ni nani, lakini wewe unamjua. Wazazi waliowatoa watoto chuoni wasalimie pia mkikutana njiani, usiwe wewe wa kwanza kuinamisha uso. Na shangazi yangu Bi Rehema mwambie mtoto wake anakuja, asivae ile miwani iliyopasuka, nimemnunulia nyingine. Zuhura mwambie baba amesema arudi shule Jumatatu, na akiulizwa mama yake alifanya nini, awajibu kama ulivyojibu wewe.

Jumatatu nachukua karatasi kwa wakili. Jumanne usiku niko kwenye basi. Usije kunipokea, nitafika moja kwa moja kortini na vumbi langu. Kaeni benchi la mbele, wewe na shangazi. Usikae katikati, kaa ukingoni, uache nafasi ya mtu mmoja upande wako wa kulia.

Ni mimi mumeo,
Bakari